Hata Hasheem alihamishwa

Jumamosi moja baada ya swala ya Alasiri alitujia katika ofisi ya kamati ya msikiti, hapa Kawe, mama mmoja wa Mzimuni, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Mwanawe ana umri wa miaka 17 na yuko kidato cha nne. Ni kijana wa adabu, tumemsomesha sisi wenyewe madrasa tangu akiwa mdogo, ila sasa humbidi ainame ili apite katika mlango wa darasa alimosomea. Kwa miaka miwili amekuwa akicheza mpira wa kikapu, na sifa zake zimemfikia mtu mmoja anayejitambulisha kuwa ni wakala wa wachezaji.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi nne za mkataba, zote kwa Kiingereza. Mama huyo, ambaye ni mjane na hufanya biashara ya samaki pale ufukweni, alikuwa ameshasomewa na binti yake mkubwa, na kifungu kimoja alikizungushia wino mwekundu. Kifungu hicho kilisema kwamba mwenye mkataba ana haki ya kumhamishia kijana kwenye timu nyingine yoyote, popote, wakati wowote, pasipo kuhitaji ridhaa yake.

“Ustadhi,” alituambia, “nilipomuuliza wakala juu ya hili alicheka. Akasema, mama, ndivyo mchezo ulivyo duniani kote. Hata Hasheem alihamishwa. Sasa mimi nimekuja kuuliza: ni kweli? Na kama ni kweli, ni halali mtoto wangu kupelekwa huku na huko kama mzigo?”

Tulimwomba atuachie bahasha kwa wiki mbili. Hatukutaka kumjibu kwa kukisia. Yafuatayo ni yale tuliyoyapima katika wiki hizo, nasi tumeona tuyaweke katika kurasa hizi za familia kwa sababu tunajua kwamba bahasha hiyo si ya mwisho kuingia katika nyumba za Waislamu wa mji huu.

Kwanza, wakala hakusema uongo. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1987, ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA ya Marekani. Sisi wa Kawe tunamhesabu kuwa ni jirani, kwani alisoma sekondari Makongo, na Makongo ukivuka Barabara ya Bagamoyo umeshafika. Alianza mchezo huu akiwa na miaka kama 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani huwa wameshacheza miaka minane au kumi. Kutoka hapa alipata nafasi ya masomo, akamalizia sekondari katika mji wa Houston, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alikuwa ukuta, kwa urefu wake wa mita 2.21 na kwa wepesi wake wa kuzuia mipira. Tarehe 25 Juni 2009, katika ule utaratibu wa timu kuchagua wachezaji wapya wanaouita drafti (si ile ya vibarazani), timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili katika vijana wote wa mwaka ule. Wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry. Majina hayo wazazi huenda wasiyajue, lakini watoto wao wanayajua.

Kisha akahamishwa. Tena si mara moja, bali mara tatu.

Tuitazame ile ya kwanza kwa makini, kwa sababu ndani yake mna kila kitu. Ilikuwa tarehe 24 Februari 2011, siku nane tu baada ya kijana wetu kutimiza miaka 24. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya mabadilishano ya wachezaji kwa msimu ule, na dirisha lilifungwa saa tisa alasiri kwa saa za New York, yaani saa tano usiku huku kwetu, watu wamekwishalala. Memphis waliwapa Houston Rockets wachezaji wawili, Hasheem Thabeet na DeMarre Carroll, pamoja na haki yao ya kuchagua mchezaji katika raundi ya kwanza ya drafti ya mwaka utakaokuja, haki ambayo iliwekewa masharti. Houston nao wakawapa Memphis wachezaji wawili, Shane Battier na Ish Smith.

Ukiupima mzani kwa upande wa Memphis, hoja ilikuwa wazi. Tayari walikuwa na Marc Gasol na Zach Randolph chini ya kikapu, na wawili hao hawakuwa watu wa kuwekwa benchi ili kijana apate kujifunza. Wiki moja na siku mbili kabla ya hapo mchezaji wao mkubwa wa pembeni, Rudy Gay, alikuwa ameumia bega. Walihitaji mtu mzima, mwenye akili ya mchezo, atakayeziba pengo usiku uleule. Battier alikuwa na miaka 32, na Memphis ndiyo iliyomlea tangu mwaka 2001 kabla ya kumpeleka Houston mwaka 2006. Hasheem kwa upande wake alikuwa akipata dakika chache na katika msimu ule wastani wake ulikuwa pointi 1.2 kwa mchezo. Kwa hesabu ya timu inayotaka kushinda sasa, si kesho, huwezi kuwalaumu.

Na matokeo yaliwapa haki. Tarehe 17 Aprili 2011, katika mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya San Antonio Spurs, ni huyo huyo Battier aliyetupia kikapu cha pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 25, na Memphis wakashinda 101 kwa 98. Kabla ya siku hiyo timu ile ilikuwa imecheza michezo 12 ya mtoano katika historia yake na kupoteza yote 12. Walikwenda wakawatoa Spurs, waliokuwa vinara wa ukanda wao, kwa michezo minne kwa miwili.

Upande wa Houston nao ulikuwa na hoja. Jitu lao la Kichina, Yao Ming, lilikuwa limevunjika mguu na mwaka uleule likastaafu. Walihitaji mtu mrefu. Mkataba wa Battier ulikuwa unakwisha baada ya miezi michache, hivyo wangeweza kumkosa bure. Kwa kumtoa yeye wakapata kijana aliyechaguliwa wa pili miaka miwili tu nyuma, na ile haki ya drafti juu yake. Ilikuwa ni kama mtu anayenunua kiwanja kisichojengwa, hatarajii kodi mwezi huu.

Na kwa Hasheem mwenyewe? Hapa ndipo tulipokaa sana, kwa sababu karatasi zote zilizoandikwa juu ya mabadilishano yale huuliza nani kati ya timu mbili alifaidi, na mara chache sana humuuliza mhamishwaji. Kwa mtazamo wetu, uhamisho ule ulikuwa na sura ya heri. Alikuwa akirudi katika mji aliomalizia sekondari, mji unaomjua. Tena ni mji wenye jamii kubwa ya Waislamu, na timu yake ndiyo iliyobebwa na Hakeem Olajuwon hadi ubingwa wa mwaka 1994 na 1995. Olajuwon, Mnaijeria, alifunga Ramadhani ya mwaka 1995 akiwa anacheza, na mwezi ule wa Februari ligi ikamtangaza kuwa mchezaji bora wa mwezi. Ungemwambia mzazi yeyote wa Kiislamu kwamba mwanawe anahamia huko, angeshukuru.

Lakini Houston hawakumchezesha. Katika vipande viwili vya msimu alivyokaa kwao, michezo aliyoingia uwanjani haikufika kumi. Machi 2012 wakamtoa tena, safari hii kwenda Portland, wakapewa Marcus Camby, mkongwe wa miaka 37. Mkataba ulipomalizika mwaka huo akajiunga kwa hiari yake na Oklahoma City Thunder, na huko, bila ya kuhamishwa na yeyote, alicheza michezo 66 katika msimu mmoja. Agosti 2014 Thunder nao wakampeleka Philadelphia, ambao walimwachia siku chache baadaye, kabla hajawachezea hata mchezo mmoja.

Tunaomba msomaji asitusome vibaya. Hatumhesabu kijana huyu kuwa ameshindwa. Mtoto aliyeuanza mchezo akiwa na miaka 15 kisha akasimama uwanjani miaka mitano na watu warefu na wenye nguvu kuliko wote duniani si mtu wa kusimangwa barazani. Ila wakala anapomtaja kana kwamba kuhamishwa kwake ni hirizi ya baraka, basi kisa chote kisomwe, siyo mstari mmoja.

Jambo lililotushangaza zaidi ni la DeMarre Carroll, yule aliyetupwa ndani ya mabadilishano yale kama nyongeza ya kusawazisha mzani. Houston walimwachia Aprili ileile ya 2011. Mtu ambaye timu mbili hazikumtaka katika mwaka mmoja akaja kuwa nguzo ya timu ya Atlanta iliyoshinda michezo 60 msimu wa 2014 hadi 2015, na Toronto wakamsainisha mkataba wa dola milioni 60 kwa miaka minne. Kwa hivyo wale wataalamu wenye vitabu vya takwimu, waliokaa mezani siku ile, walimpima mchezaji wa thamani kubwa wakamwona ni chenji.

Tena usiku uleule, mabadilishano mengine ya Memphis yalishindikana kwa sababu tu karatasi hazikuifikia ofisi ya ligi kabla ya saa ya mwisho. O. J. Mayo alikuwa ameshakubaliwa kwenda Indiana, kisha akabaki alipo. Mwanadamu anahama mji au hahami, mkewe anafunga mizigo au hafungi, kwa dakika chache za kuchelewa kwa karatasi. Qadari ni ya Allah (S.W.), nasi tunaamini hivyo, lakini mama wa kijana yule wa Mzimuni ana haki ya kujua kwamba maisha ya mwanawe yanaweza kuamuliwa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye swali lake la pili, la halali. Magazeti ya michezo na sisi wenyewe vijiweni tumezoea kusema “Simba wamemuuza fulani”, “Yanga wamemnunua fulani”. Ni lugha mbovu. Mtu huru si mali, hauzwi wala hanunuliwi, na katika dini yetu kumuuza mtu huru na kula thamani yake ni miongoni mwa madhambi mazito. Kinachohamishwa, ukichunguza, si kijana bali ni mkataba wa kazi yake. Mlango wake katika fiqhi ni ijara, na mlango huo una masharti yanayojulikana na kila aliyekaa darasani: kazi ijulikane, muda ujulikane, ujira ujulikane. Kisichojulikana kikizidi, mkataba unaingia gharar.

Kwa kipimo hicho, tulikwenda tukausoma utaratibu wa NBA, na lazima tukiri kwamba tulikuta uwazi kuliko tulivyotarajia. Mchezaji anapohamishwa, mkataba wake humfuata kama ulivyo. Ujira haupunguzwi, miaka haipunguzwi, timu mpya inaurithi wote. Anakokwenda hakuvuki timu 30 zinazofahamika, zilizo chini ya ligi moja na kanuni moja. Gharama za kuhama hulipiwa. Kuna chama cha wachezaji kinachokaa mezani na wenye timu, na haki hizo hazikuja kwa hisani. Oscar Robertson na wenzake waliishitaki ligi mwaka 1970 na hawakufikia suluhu hadi mwaka 1976. Ni kweli kwamba mchezaji haulizwi, isipokuwa wachache sana wenye kifungu cha kukataa kuhamishwa, na ni kweli kwamba akishaarifiwa katikati ya msimu hutakiwa kuripoti ndani ya saa 48. Lakini hilo alilikubali alipotia saini, akiwa mtu mzima, akijua kilicho ndani. Ridhaa yake ilitangulia. Kwa maoni yetu, na wenye elimu zaidi watusahihishe, hapo hapana dhulma ya wazi, japokuwa pana ugumu.

Tulilinganisha pia na kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas, kijana wa ugenini asiye na kitu, aliyeajiriwa na mzee wa Madyan kwa miaka minane, na akipenda kumi. Tazama ile miwili ya ziada ilikuwa mkononi mwa nani. Ilikuwa mkononi mwa Musa. Katika mkataba wa mchezaji mpya wa raundi ya kwanza wa NBA, miaka miwili ni ya hakika, na wa tatu na wa nne nao ni wa hiari, lakini hiari hiyo ni ya timu.

Na lipo la dini, ambalo wakala hakuligusa kabisa. Mahmoud Abdul-Rauf alikuwa mfungaji mkuu wa Denver Nuggets katika msimu wa 1995 hadi 1996. Machi 1996 ligi ilimsimamisha kwa kukataa kusimama wakati wa wimbo wa taifa la Marekani, jambo aliloliona linagongana na itikadi yake. Baadaye yalifikiwa maafikiano kwamba asimame akiomba dua kimya kimya. Juni mwaka huohuo Denver wakamtoa kwenda Sacramento. Kila mmoja na aamue mwenyewe kama mambo hayo mawili yana uhusiano. Sisi tunasema tu kwamba uhamisho ni chombo kilaini, unaweza kumwondoa mtu bila kutaja sababu.

Tukirudi kwenye karatasi nne za Mzimuni, tofauti ilikuwa kama usiku na mchana. “Timu yoyote, popote” haikuwa timu 30, ilikuwa dunia nzima. Kuhusu ujira, kilichoandikwa ni kwamba baada ya uhamisho ujira “utajadiliwa”, na wakala atachukua sehemu yake kwanza. Shule ilitajwa mara moja, katika ukurasa wa mwanzo, na haikurudi tena. Tiketi ya kurudi nyumbani haikuwemo. Kulikuwa na kifungu cha kijana kuvaa jezi na kupigwa picha kwa tangazo la mdhamini yeyote, na katika zama hizi ambapo makampuni ya kamari yamejaa vifuani mwa wachezaji, “yeyote” si neno dogo. Juu ya yote hayo, sheria ya nchi inamhesabu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, na bado ana miezi saba.

Kwa hiyo jibu tulilompa mama ni kwamba wakala amesema kweli nusu. Hasheem alihamishwa, lakini ujira wake, muda wake na mipaka ya anakoweza kupelekwa vilihamishwa pamoja naye vikiwa vimeandikwa. Mwanawe angehamishwa peke yake.

Katika kikao cha kamati hatukuwa na kauli moja. Mzee wetu mmoja, aliyeufahamu mtaa huu tangu kiwanda cha Tanganyika Packers kinafanya kazi, alitupinga waziwazi. “Nyinyi vijana mliosoma mnapenda vifungu,” alisema. “Familia ya yule Hasheem ingekaa ikahesabu vifungu, angeondoka? Mtoto wa mjane akipata mlango mnaufunga kwa kalamu.” Hatukuwa na la kumjibu upesi. Ni kweli kwamba nafasi za watoto wa hapa ni chache, na ni kweli pia kwamba aliye na hofu ya kila kitu hafiki popote. Sheikh ndiye aliyeamua, kwamba tusimzuie kijana wala tusimsukume, ila tumwandikie wakala.

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja kwa jina la mama. Tuliomba timu ambazo kijana anaweza kupelekwa zitajwe kwa majina. Ujira na ada ya shule vimfuate kila anapohamishwa bila kupungua. Tiketi ya kurudi iwekwe kwa mzazi na si kwa wakala. Asilazimishwe kutangaza kamari wala pombe. Apewe nafasi ya Ijumaa na ya funga. Tuliomba pia saini isubiri atimize miaka 18. Kifungu cha kuhamishwa chenyewe hatukuomba kiondolewe.

Wakala aliipokea barua akasema ataipeleka kwa wenzake. Kabla hajaondoka, kijana, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya mlangoni, miguu yake imefika katikati ya chumba, alitusalimia tena na kuuliza, “Shikamooni. Ustadhi, wakikataa hayo mliyoandika, nafasi itakuwa imepotea?”

Tulimwambia kweli, kwamba huenda ikapotea.

Alinyamaza kidogo, kisha akamtazama mama yake, akasema ataendelea na mazoezi. Hadi tunaandika makala hii wiki ya tano inaingia na wakala hajarudi. Bahasha ya kaki imo kabatini mwetu, karibu na daftari la sadaka. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba.